Barua kwa Rehema, anayeanza sosholojia

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Huku sote wazima, joto tu ndilo linatuonea.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepangiwa sosholojia badala ya sheria, na mjomba wako ameshakuuliza mbele ya watu kama unakwenda chuo kusomea umbea. Mjibu kwa adabu kwamba ndiyo mjomba, ila huu ni umbea unaodaiwa ushahidi. Usicheke, maana ndiyo kazi yenyewe. Mambo ambayo kila mtu barazani anadai anayajua (kwa nini vijana hawaoi, kwa nini fulani ni mchoyo) wewe utatakiwa useme umejuaje.

Utaanza na wazee watatu walioweka misingi ya fani: Marx, Durkheim na Weber. Wengi huwakariri ili wasipate sapu (mtihani wa marudio), mtihani ukiisha wanawasahau. Wewe mshike hata mmoja vizuri. Mimi nilimpenda Durkheim. Mwaka 1897 alitoa kitabu kuhusu kujiua, jambo ambalo ungedhani ni la mtu na nafsi yake tu. Akachukua takwimu za serikali za Ulaya, akaona kila nchi ina kiwango chake ambacho hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka, na kwamba Waprotestanti wanawazidi Wakatoliki. Basi, akasema, kuna nguvu iliyo nje ya mtu mmoja mmoja, nayo ni jamii. Hoja nzito. Lakini waliokuja baadaye wakauliza: vifo hivyo aliviandika nani? Penye Wakatoliki wengi, ambako kujiua ni dhambi na fedheha kwa ukoo, huenda familia na makarani waliviandika kwa sababu nyingine. Ukipewa jedwali lolote pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anza na karani.

DS (Development Studies, masomo ya maendeleo) mtasoma pamoja na wenzenu wa kozi nyingine, hata wahandisi, na utawasikia wakinung'unika. Waache wanung'unike. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha chuo hicho hicho, na mabishano ya enzi zake juu ya nani alimfanya nani maskini hayajaisha hadi leo.

Sasa nikupe kisa ambacho ndicho hasa kilinifanya nipende wewe usome fani hii. Kuna mchezo wanauchumi wanaupenda. Mtu anapewa fedha, aambiwe amgawie mwenzake asiyemjua kiasi anachotaka. Mwenzake akikubali, kila mmoja anaondoka na fungu lake. Akikataa, wote wanakosa. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya kwa kawaida hutoa kati ya asilimia 40 na 50, na anayetoa kidogo sana hukataliwa. Watu wakaanza kusema hiyo ndiyo tabia ya binadamu. Mwanaanthropolojia Joseph Henrich akaupeleka kwa Wamachiguenga wa msitu wa Peru: wastani ukawa asilimia 26, na karibu kila mtu akapokea bila kinyongo. Baadaye yeye na wenzake wakaucheza katika jamii ndogo 15 duniani, wakatoa matokeo mwaka 2001. Humo wamo Wahadza wetu na Wasangu wa Mbeya. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao hawawezi kumvua nyangumi bila kushirikiana, walitoa zaidi ya nusu. Wahadza walitoa kidogo, na mara nyingi wakakataliwa pia!

Kizuri zaidi ni cha Waorma wa Tana River, Kenya. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger, aliyekuwa amekaa nao miaka mingi, aliwaletea mchezo mwingine, wa kuchangia mfuko wa pamoja. Kabla hajamaliza kueleza, wakaupa jina wenyewe: mchezo wa harambee. Wakachangia kwa ukarimu. Unaona? Hawakucheza na mtu asiyejulikana ndani ya chumba cha utafiti. Walicheza wakiwa na akili ya michango ya shule, ambayo wameizoea. Mimi naona hapo kuna somo kubwa kuliko sura nzima za kitabu cha kiada.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipekua majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya waliochunguzwa wanatoka nchi za Magharibi, ambazo zina kama asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Kwa hiyo mhadhiri akikuambia "utafiti unaonyesha watoto...", uliza kimoyomoyo: watoto wa nani? Jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel la Stanford, la mtoto kuachiwa kitu kitamu kimoja na kuahidiwa cha pili akivumilia, lilipofanywa Kameruni kwa watoto wa Kinso wa miaka minne, wakiwekewa andazi la kwao, karibu asilimia 70 walisubiri. Wenzao wa Kijerumani hawakufika hata theluthi. Wengine wa Kinso walipitiwa na usingizi wakisubiri. (Mtoto wa dada yangu asingemaliza hata dakika.)

Takwimu usizikimbie. Najua ulichagua masomo ya sanaa ukidhani umeachana na hesabu. Ndizo zitakazokutenganisha na mpiga soga. Jaribio hilo hilo la Mischel liliwahi kusifiwa kwamba linatabiri mtoto atafaulu shuleni. Mwaka 2018 watafiti walipotumia watoto wengi zaidi na kuhesabu kipato cha nyumbani na elimu ya mama, sehemu kubwa ya utabiri huo ikayeyuka. Bila hesabu usingeliona hilo.

Ukitumwa mtaani na dodoso, barua ya chuo haitoshi. Pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, halafu kwa mjumbe. Na ukimuuliza mama mwenye nyumba kama mumewe anamshirikisha katika matumizi, huku mume mwenyewe kakaa pembeni anapiga mswaki, jibu andika, lakini na mswaki huo uandike.

Bumu (fedha ya mkopo wa kujikimu) huchelewa, kwa hiyo njoo na akiba ya wiki chache. Lete na kikokotoo. Cha simu hawakiruhusu kwenye mtihani. Kozi za hiari usizithibitishe kabla hujanitumia orodha, nikuambie ipi ina fildi na ipi ni ya kukaa tu. Ukishajua siku ya safari nijulishe, nitakupokea stendi ya Mbezi.

Wako,
Mwanaidi