Baba Neema, usisafiri na kile kitaa cha filta kikiwaka

Mambo vipi Baba Neema,

Tangu jana ulivyokata simu nimekaa nalifikiria hilo gari lako, nikaona bora niandike manake nilikuwa gereji, kelele nyingi, hatukuelewana vizuri. Hongera tena kwa Hilux, najua umeihangaikia miaka mingapi. Ila umesema kuna kitaa cha njano chenye alama ya filta na matone, kinawaka kinazima, na dereva kakwambia eti magari ya siku hizi yote ndo yalivyo. Hapana kaka. Hicho kitaa kinakwambia kuna maji kwenye filta ya dizeli, na ukitoka nacho Sumbawanga kuja huku Mbeya na mzigo wa mahindi unaweza ukafika unavutwa kwa kamba.

Mi yalinikuta mwaka juzi na pikapu yangu, njia ya Chunya. Mafuta yaliniishia nikanunua lita 20 za dumu pale barabarani, mvua zilikuwa zinanyesha, dumu lenyewe mdomo umezibwa na nailoni, nikamimina hivyohivyo. Kitaa kikawaka kesho yake nikakiacha. Wiki mbili gari linachelewa kuwaka asubuhi, sailensa, yaani mngurumo wake likiwa limesimama, inapanda inashuka, mlimani halivuti, siku ya siku likazimikia kwenye kona halikuwaka tena. Fundi pampu akaikata ile filta kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake juani juu ya boksi, nikaona vumbi linametameta kama ule unga wa fedha wa kwenye kadi za harusi. Akanambia hiki ni chuma cha pampu yako, kimepita kwenye reli, lile bomba linalogawa mafuta, kimepita kwenye nozeli zinazoyapuliza kwenye injini, kikarudi tenki na mafuta yanayobaki, sa hivi kimezunguka mpaka kimefika hapa. Kwa hiyo haikuwa pampu tu, ni pampu na nozeli nne na kufungua tenki na kusafisha paipu zote, manake ukifunga pampu mpya ukaacha ule unga mle ndani inakufa na yenyewe. Zilitoka zaidi ya milioni sita, na shule ndo zilikuwa zinafungua.

Tatizo letu tumezoea Hilux za zamani zile zenye injini za 2L na 3L, zilikuwa zinavumilia kila uchafu. Hizi za komoni reli, zenye hiyo reli moja inayolisha nozeli zote, ni kitu kingine kabisa. Tairi lako unajaza upepo 35 si ndio, sasa kwa kipimo hichohicho mle kwenye reli ukiwa umekanyaga mafuta inaenda zaidi ya 20,000. Na ile pampu inayosukuma nguvu yote hiyo haina oili yake, kinachoilainisha ni dizeli yenyewe inayopita ndani. Maji hayalainishi kitu, mafuta ya taa yanalainisha kidogo sana, vyuma vinasagana. Alafu dizeli yetu tangu 2015 ni ile yenye salfa chini, haizidi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwenye milioni, moshi wake ni nafuu na ni jambo zuri, ila ile kazi ya kutoa salfa inapunguza ulaini pia, ndo maana wanaiongezea dawa ya kuurudisha. Mtu akija kuichakachua na mafuta ya taa kaharibu kila kitu. Wala usidhani ni huku tu, Marekani mwaka 2021 kampuni ya Ram ilizirudisha gereji pikapu zake za dizeli za 2019 na 2020, zaidi ya laki mbili, kwa sababu ya pampu kama hiyo ya mafuta.

Sasa nakuomba ufanye hivi. Kesho asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha, usiwashe. Kinga glasi safi chini ya filta, legeza kile kikoki cha chini, pampu kwa mkono pale juu mpaka yatoke. Iache glasi itulie dakika kumi. Maji yatakaa chini, dizeli juu, utaona mstari kabisa kati yao. Endelea kutoa mpaka itoke dizeli tupu, funga kikoki, pampu tena mpaka mkono uone pamekuwa pagumu, ndo uwashe. Usimruhusu fundi akupige selfu mfululizo kuvuta mafuta, pampu inazunguka kavu.

Filta badilisha, usikubali kupuliziwa kwa kompresa, karatasi ikishapulizwa inapasuka vitundu huvioni na uchafu unapita. Mi nabadilisha kila kilomita 10,000 na nanunua duka moja ninalolijua, feki ni nyingi mno. Tenki usiliache lishuke chini ya robo, kwenye milima mafuta yanayumba pampu inavuta hewa, na kwa baridi letu hili tenki tupu linatoa jasho ndani usiku, hayo nayo ni maji. Ukikuta lori linashusha mafuta sheli, pita, uchafu wa chini unakuwa umetibuliwa. Na mwambie dereva wako, wakimwekea petroli kwa bahati mbaya asiguse hata swichi, tenki lishushwe palepale.

Kitu kingine nisisahau. Ikitokea sailensa inacheza, asikuharakishe mtu kununua pampu nzima. Kuna valvu ndogo imefungwa kwenye pampu inayopima mafuta ya kuingia, mara nyingi inayokwama ni hiyo na inauzwa peke yake. Kuna watu wameuziwa pampu walipotakiwa kubadilisha hiyo tu, roho inaniuma kila nikisikia.

Maji yakiwa mengi kwenye glasi, mahindi yashushwe, mteja wa huku nitaongea naye mimi atasubiri. Nitumie picha ya hiyo glasi WhatsApp kabla hujawasha gari, nitakuwa macho toka saa kumi na mbili. Msalimie sana Mama Neema.