Harambee ya Mfuko wa Uwakilishi: Wajumbe Wetu Wafike Vikaoni

Ndugu wanavikundi na wote mnaotutakia mema,

Tunaitisha harambee, na safari hii hatujengi wala hatununui kitu cha kuonekana kwa macho. Tunachangisha fedha za kuwawezesha wawakilishi wa vikundi vya kujitolea kushiriki katika kamati ya ubia, ile inayowakutanisha halmashauri, idara za afya na elimu, polisi, wafanyabiashara na sisi wananchi kupanga mambo ya eneo letu.

Tunajua fedha za namna hii ni ngumu kuziomba. Mtu huchangia darasa kwa moyo mkunjufu kwa sababu kesho atapita na kuliona. Nauli ya mjumbe haionekani. Lakini tazameni wanaokaa katika vikao hivyo. Ofisa wa idara yuko kazini: mshahara wake unaendelea, usafiri ni wa ofisi, na kabrasha la kikao ameliandaa na wenzake. Mama anayewakilisha vikundi vya kuhudumia wagonjwa majumbani amefunga biashara yake siku hiyo, amemwomba jirani amwangalizie mgonjwa, na kabrasha limemfikia jana jioni. Kiziwi aliyechaguliwa na wenzake hawezi hata kuanza bila mkalimani wa lugha ya alama. Kila mmoja ana kura sawa na ya ofisa, ila hawakuingia kikaoni wakiwa sawa.

Na kikao chenyewe ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Mwakilishi asiyekutana na vikundi kabla ya kikao atasema yake binafsi. Asiporudi kueleza yaliyoamuliwa, waliomtuma hawana la kumuuliza. Hapo ndipo muhtasari huandika kwamba jamii “ilishirikishwa”, kumbe aliyeshirikishwa ni mtu mmoja aliyekaa kimya. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alipanga ushiriki wa wananchi katika ngazi nane. Kupashwa habari na kuombwa maoni aliviweka katikati, kwenye kundi la ushiriki wa jina tu, kwa kuwa anayeombwa maoni hana uhakika kwamba neno lake litabadili uamuzi. Sisi tunataka kupanda juu ya hapo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ratiba ya kliniki inaweza kupendeza kwenye karatasi, na ni kikundi cha wazee kitakachosema kwamba saa hizo hakuna usafiri. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililotolewa na mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Asiye na nauli ataitumiaje haki hiyo?

Wapo waliokwisha kuliona hili. Serikali ya Uingereza ilipoanza kuunda ubia wa namna hii huko England mwaka 2001, ilitenga mfuko maalumu wa kuviwezesha vikundi vya jamii kushiriki katika wilaya 88 zilizokuwa na hali duni zaidi. Miaka michache baadaye fedha hizo zikaunganishwa na mifuko mipana. Ruzuku ikija tutaipokea kwa shukrani, lakini uwakilishi wetu usisimame siku ruzuku itakapokwisha. Tena mjumbe ambaye nauli yake inatoka kwa halmashauri peke yake atapata taabu kuikosoa halmashauri hiyohiyo, na kukosoa ni sehemu ya kazi tuliyomtuma.

Mfuko utalipia nauli, malezi ya watoto na wagonjwa wakati wa vikao, ukalimani, maandishi ya nukta nundu, na mikutano ya vikundi kabla na baada ya kila kikao. Hautalipa mshahara wala posho kwa mtu yeyote, wakiwemo viongozi wetu. Toeni mchango kwa mweka hazina wa kikundi chenu, mdogo au mkubwa, na mdai stakabadhi. Hesabu zitasomwa mbele ya wanavikundi wote.

Asiye na fedha bado tunamhitaji sana. Ukiweza kutafsiri kwa lugha ya alama, kusoma bajeti na kuieleza kwa maneno mepesi, au kukaa na mgonjwa wa mwenzako asubuhi moja, mwambie katibu siku unazoweza ili akupangie kabla ya kikao kijacho.