Barua ya wazi: Mheshimiwa, tutumie fundi wa simu

Kwako mheshimiwa unayesimamia vifaa vya wahudumu wa afya ya jamii,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mhudumu Mathare, nahudumia nyumba mia moja na kidogo. Barua mbili nimekuletea kwa mkono. Hii ya tatu naiandika watu wote waisome.

Jumanne saa tano usiku mama mmoja alinigongea: "Daktari, mtoto hapumui vizuri." Huniita hivyo, ingawa mimi si daktari. Mtoto ana miezi minane. Niliwasha simu ya kazi, ikakwama pale inapokwama tangu Machi, kiduara kinazunguka tu. Ikiwa nzima, programu ile huniuliza dalili moja baada ya nyingine, hunihesabia dakika, na huniambia mtoto yupi ni wa kukimbizwa hospitali. Stima nayo ilikuwa imepotea. Mama akamulika kwa tochi ya simu yake ndogo ya kabambe, nikamfunua mtoto kifua, nikashika saa ya mume wangu. Pumzi 64 kwa dakika. Kwa umri ule, 50 tayari ni hatari, na chini ya mbavu kifua kilikuwa kinabonyea ndani. Tukakimbia. Mpaka leo yuko wodini, anawekewa oksijeni.

Mimi nimeifanya kazi hii miaka kumi na mmoja. Mwenzangu aliyeanza juzi angekumbuka usiku ule kwamba 50 ni ya miezi 2 hadi 11, na kuanzia mwaka mmoja ni 40? Simu ndiyo ilipaswa kumkumbusha.

Septemba 2023 tulijaa Uhuru Park kupokea mikoba na simu, tukaimba. Baadaye wewe mwenyewe ulitusimamia ukumbini ukasema simu ikiharibika, fundi atafika ndani ya wiki moja. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari.

Wengine wanasema bando halijalipiwa, wengine kwamba programu mpya ni nzito kuliko simu. Nadhani ni yote mawili, maana nikijinunulia bando huamka kidogo kisha hulala tena. Na bando lenyewe latoka kwenye posho ya shilingi 5,000 inayofika ikiwa imeshaliwa na deni la duka. Mwezi jana nilinunua unga badala ya bando. Tangu Jumanne silali nikiliwaza hilo.

Mheshimiwa, siombi simu mpya wala semina. Tuma fundi. Ndani ya simu hiyo kuna kumbukumbu za watoto wawili ambao mkanda wa mkono wa kupima utapiamlo ulisoma nyekundu, na tarehe za kuwarudia sizioni. Tafadhali, tuma fundi. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi, na simu nimeiacha kwenye chaji.