Barua ya Malalamiko: Ekstensheni Yenye Tundu la Tatu Lisilokwenda Popote

Mamboleo,
Kisumu.
12 Mei 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana au Bibi Meneja,

KUH: EKSTENSHENI YA SOKETI NNE ILIYOUZWA BILA WAYA WA ARDHI

Kwa heshima, ninakuandikia kuhusu ekstensheni ya soketi nne yenye nembo ya kampuni yenu, ambayo niliinunua kwa shilingi 1,150 katika duka moja mjini Kisumu mwezi wa Februari mwaka huu. Nimekwisha kupiga simu ofisini kwenu mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba nilizidisha mzigo, na mara ya pili kwamba, kwa kuwa kifaa kimefunguliwa, dhamana yake imekwisha. Sikubaliani na jibu lolote kati ya hayo mawili, na ndiyo sababu nimeamua kuyaweka mambo haya kwa maandishi.

Ekstensheni hiyo niliitumia jikoni, ambako kuna soketi moja tu ya ukutani, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kupanga za hapa kwetu. Ilikuwa ikihudumia friji, birika la umeme lenye mwili wa chuma, na chaja ya simu. Jumamosi moja jioni mwezi wa Machi, binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili, aliweka kiganja kwenye ubavu wa birika, likiwa bado juu ya kitako chake, ili ajue kama maji yangali na moto. Mkono wake wa pili ulikuwa tayari umeshika mfereji wa sinki. Birika lilikuwa limezimwa. Hata hivyo stima ilimshika palepale, akashindwa kuachia na kushindwa hata kupiga kelele. Nashukuru kwamba mdogo wake hakumkimbilia yeye bali alikimbilia swichi kuu iliyo juu ya mlango, kwa maana angalimgusa, tungalikuwa na wagonjwa wawili au jambo baya zaidi. Binti yangu alipata jeraha la kuungua kwenye vidole viwili, akatibiwa zahanati kwa shilingi 900, na sasa ni mzima.

Sote nyumbani tulilihukumu birika. Nililitupa, nikanunua jingine jipya kwa shilingi 2,400, tena nikachagua la bei ya juu kidogo ili nisirudie kosa. Siku ya tano, nikiwa nimevaa malapa kwenye sakafu iliyokuwa na unyevu wa kupigwa deki, niliguza birika hilo jipya, na vidole vyangu vikasisimka kana kwamba nimeingiza mkono kwenye siafu. Hapo ndipo nilipomwita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi nchini, na ningependa msome kwa makini aliyoyafanya, kwa sababu nilisimama naye mwanzo hadi mwisho.

Kwanza aligusisha testa yake, kile kifaa cha kupimia kama kitu kina umeme, kwenye mwili wa birika lililozimwa, na taa ndogo ya testa ikawaka. Akagusisha kwenye mlango wa friji, ikawaka vilevile. Kisha akaanza kuchomoa plagi moja baada ya nyingine huku ncha ya testa ikiwa bado kwenye birika. Alipochomoa chaja, taa haikuzima. Alipochomoa friji, ilizima papo hapo. Akaichomeka friji hiyo moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na kabla hajaondoa mkono wake kwenye swichi tukasikia kishindo kidogo kutoka kwenye boksi la umeme: kikata umeme kilikuwa kimeanguka. Akatabasamu, akasema, “Mama, soketi yako ya ukutani ni nzima. Shida mbili ziko hapa, moja ni ya friji na moja ni ya huu waya.”

Shida ya friji ni yangu, na siwalaumu kwa hiyo. Panya alikuwa ameguguna ngozi ya waya nyuma ya kompresa, na waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, ukawa unagusa chuma cha friji. Nimelipa mwenyewe shilingi 1,800 kuitengeneza na sidai hata senti moja ya hizo. Lakini kosa la aina hiyo ndilo hasa ambalo waya wa ardhi umewekewa. Waya wa moto unapogusa mwili wa chuma wa kifaa, waya wa ardhi huupa umeme njia nyepesi ya kurudi, umeme ukafurika kwa wingi kupitia njia hiyo, na fyuzi ikaungua au kikata umeme kikaanguka kabla mtu hajaja kukishika kifaa. Ukutani, jambo hilo lilitokea mara moja, mbele ya macho yangu. Kwenye ekstensheni yenu halikutokea kwa muda ambao hata sijui ulikuwa siku ngapi.

Fundi alipoifungua, tuliona sababu. Kutoka kwenye plagi zilikuja nyaya mbili tu, wa kahawia na wa buluu, yaani wa moto na wa nyutro, ule unaorudisha umeme. Waya wa kijani na manjano, ambao ndio wa ardhi, haukuwapo kabisa. Haukuwa umekatika wala kulegea kwenye skrubu yake, bali haukuwahi kuwekwa. Mguu mrefu wa juu wa plagi ulikuwa kipande cha chuma kilichochomekwa kwenye plastiki pasipo kuunganishwa na kitu chochote. Ila ndani ya sanduku la soketi, mlikuwa mmeweka ukanda mwembamba wa shaba unaounganisha matundu yote manne ya ardhi.

Ukanda huo ndio ulionifanya niandike barua ndefu kiasi hiki. Kama msingaliuweka, umeme wa friji yangu mbovu ungalibaki kwenye friji peke yake. Kwa kuwa mliuweka bila kuuongoza hadi ardhini, ulichukua umeme uliokuwa kwenye mwili wa friji na kuugawa kwa kila kifaa cha chuma kilichochomekwa karibu yake, na hivyo birika zima lisilo na kosa, tena likiwa limezimwa, likapata uwezo wa kuua. Nimetupa birika zuri kwa sababu ya ukanda wenu. Soketi yenye matundu mawili ingalinipa tahadhari, kwa maana plagi ya friji isingaliingia, nami ningalijua mapema kwamba kifaa hicho hakina ulinzi. Ninyi mmeuza tundu la tatu kama kinyago cha mlinzi mlangoni.

Kuhusu jibu lenu la mzigo, naomba tufanye hesabu pamoja. Birika langu ni la wati 2,000, na kwa umeme wetu wa volti 240 linavuta zaidi kidogo ya ampea 8. Friji ni ya wati 150, ambayo haifiki ampea 1, na chaja ni kitu kidogo sana. Jumla ni kama ampea 9, nanyi mmechapa kwenye plastiki kwamba kifaa kinabeba ampea 13. Isitoshe, mzigo kuzidi hupasha waya moto. Hauwezi kupeleka umeme kwenye ubavu wa birika lililozimwa. Waya wenu kwa kweli ulikuwa ukipata joto, birika likichemka mara mbili mfululizo ungeuhisi uvuguvugu chini ya vidole, na sababu yake niliipata bila msaada wa fundi. Niliibandua sumaku iliyo kwenye mlango wa friji nikaisogeza kwenye nyuzi zilizomenywa, nazo zikarukia sumaku na kunata. Shaba hainaswi na sumaku. Mmetumia chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na chuma hupitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba.

Jibu la pili, la kufungua kifaa, sioni jinsi mtu mwenye busara anavyoweza kulitoa, kwa kuwa kosa lenyewe limefichwa ndani ya plastiki.

Nitaje kwa ufupi mawili mengine. Soketi ya kiwango hiki tulichorithi kutoka Uingereza, ambacho kilichapishwa huko mwaka wa 1947, huwa na vifuniko vidogo ndani ya matundu mawili ya chini, na mguu wa ardhi umefanywa mrefu ili uingie kwanza na kuvifungua. Najua kwamba sisi wenyewe tuna desturi mbaya ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili chaja ya miguu miwili iingie, na hilo tutajilaumu sisi. Ila kwenye ekstensheni yenu hapahitajiki hata kalamu, kwani hakuna vifuniko, na mtoto mwenye msumari au kijiko chembamba anaufikia umeme moja kwa moja. Tena, ndani ya plagi, mahali pa fyuzi, pana kipande cha chuma kisichoungua. Fyuzi ya ampea 13 haimlindi mtu anayepigwa na umeme, maana miliampea 30 tu zinatosha kumhatarisha, lakini hulinda waya usishike moto ukutani usiku watu wakiwa wamelala.

Nakiri pia, kabla hamjanikumbusha, kwamba boksi la umeme la nyumba tuliyopanga halikuwa na kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, ambacho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi na kukata tofauti ikifika miliampea 30. Mwenye nyumba amekubali kukiweka. Lakini hicho ni mlinzi wa akiba, na kukosekana kwake hakuwapi ninyi ruhusa ya kumwondoa mlinzi wa kwanza.

Mgongoni mwa ekstensheni pana alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pamoja na nambari ya kibali. Niliituma nambari hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, nikajibiwa kwamba kibali hicho ni cha kampuni yenu. Kwa hiyo ama mmeitengeneza ninyi, ama kuna mtu anayeuza takataka kwa jina na nambari yenu, na katika hali zote mbili nilitarajia kwamba simu yangu ya kwanza ingewashtua.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Kwa msingi huo naomba mnirudishie shilingi 1,150 za ekstensheni, 2,400 za birika jipya, 900 za zahanati na 1,000 nilizomlipa fundi kwa ukaguzi, yaani jumla ya shilingi 5,450. Naomba pia mziondoe madukani ekstensheni zote zenye nambari ya toleo inayofanana na hii, na mtangaze hivyo kwa Kiswahili na kwa Dholuo katika redio zinazosikika kandokando ya ziwa, kwa sababu duka lile lilikuwa na katoni nzima, na niliporudi wiki iliyopita katoni ilikuwa imebaki nusu.

Nitangoja jibu lenu la maandishi kwa siku 14, kisha nitalipeleka shauri hili kwa KEBS pamoja na nakala ya barua hii. Ekstensheni yenyewe siitumi kwa mtu yeyote. Iko kabatini kwangu pamoja na risiti, plastiki yake ikiwa imefunguliwa vilevile fundi alivyoiacha, na mtaalamu wenu anakaribishwa kuja kuiangalia siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Aje na testa yake.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja wenu,
Mamboleo, Kisumu.