Jana Ilikuwa Arobaini na Saba

Ndugu, jamaa na marafiki, salamu za majuma saba.

Jioni hii, saa moja imeshapita, binamu yangu kaniandikia kwenye simu: "Leo ya ngapi?" Nikamjibu: "Jana ilikuwa arobaini na saba." Akacheka sana, akasema nyie Wayahudi swali halijibiwi moja kwa moja hata siku moja. Kuna ukweli hapo, ila safari hii ni sheria. Jua likishazama, na wewe hujahesabu, mtu akikuuliza leo ni siku ya ngapi ya omeri, ile hesabu ya siku arobaini na tisa inayoanzia Pasaka ya Kiyahudi, usiitaje namba yenyewe. Ukiitaja, hata kwa kumjibu mpita njia, pengine umeshahesabu, na baraka inayotangulia hesabu haisomwi juu ya jambo lililokwisha kufanyika. Basi unataja ya jana, muulizaji anaongeza moja mwenyewe.

Keshokutwa jioni inaingia Shavuot, Sikukuu ya Majuma, ile iliyopata jina la Pentekoste kwa Kigiriki, maana yake ya hamsini. Heri zangu nazituma mapema kwa sababu sikukuu ikishaingia simu nazima. Na kwa kuwa wengi mmeniuliza mwaka huu kwa nini tangu Pasaka kila jioni ninasimama wima na kunong'ona namba, acha nieleze kidogo.

Omeri ni kipimo cha nafaka. Biblia yetu ya Kiswahili, kwenye habari za mana, imekiita pishi, na sioni neno ambalo lingefaa zaidi. Aliyewahi kumwona bibi wa pwani akipima pishi ya zaka ya fitri, vibaba vinne vilivyojaa, ameshaikaribia omeri. Vipimo havilingani sawasawa, lakini havipishani sana: omeri ni sehemu ya kumi ya efa, lita mbili na kitu. Pishi hiyo ilikuwa ya shayiri mpya, ilipelekwa Hekaluni Yerusalemu siku ya pili ya Pasaka, na kabla haijatolewa hakuna aliyeruhusiwa kula nafaka ya mavuno mapya. Kuanzia siku hiyo Torati inaamuru yahesabiwe majuma saba, na siku ya hamsini ndiyo Shavuot yenyewe: mtajihesabia, inasema. Kila mtu na hesabu yake, mahakama ya dini haimhesabii mtu.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, imehifadhi jinsi shayiri hiyo ilivyokatwa, na mimi kila mwaka hurudi kusoma kipande hicho. Siku moja kabla ya sikukuu wajumbe wa mahakama walikwenda shambani wakaifunga shayiri mafungu mafungu ikiwa bado imesimama, ili usiku iwe rahisi kukata. Usiku wenyewe ukifika, watu wa miji ya karibu walikusanyika. Mkataji anapaza sauti: "Jua limezama?" Wanaitika: "Ndiyo!" Anauliza tena, wanaitika tena. Mara ya tatu. Kisha: "Mundu huu?" Ndiyo, mara tatu. "Kikapu hiki?" Ndiyo, mara tatu. Ikiwa ni usiku wa Sabato, anauliza na hilo: "Sabato hii?" Ndiyo! Halafu: "Nikate?" "Kata!" "Nikate?" "Kata!" "Nikate?" "Kata!"

Kelele zote hizo za nini, wakati kila mtu anaona jua limezama? Zilikuwa za kumwambia mtu. Palikuwa na kundi, Waboethusi, lililosema kwamba maneno ya Torati, "siku ya pili baada ya Sabato", yana maana ya Jumapili tu, basi hesabu ianze Jumapili. Wahenga wakasema hapana, Sabato inayotajwa pale ni sikukuu yenyewe, siku ya kwanza ya Pasaka, iangukie siku yoyote. Ndiyo maana swali linaulizwa mara tatu na umati mzima unajibu kwa sauti: kila "ndiyo" inarushwa kwa wale waliobaki nyumbani wamenuna. Ugomvi wenyewe haujaisha. Wakaraimu, Wayahudi wasioifuata Mishna, na Wasamaria mpaka leo wanaanza kuhesabu Jumapili, kwa hiyo Shavuot yao haikosi kuwa Jumapili.

Shayiri iliyokatwa ilibanikwa motoni, ikasagwa, ikachekechwa kwa chekecheo kumi na tatu, moja baada ya nyingine. Efa nzima iliingia, ikatoka ile pishi moja.

Mwaka 70 Hekalu liliteketea. Mundu hakuna tena, kikapu hakuna, imebaki namba. Hapo wanazuoni wamegawanyika. Maimonide, mwanazuoni mkubwa wa karne za kati, anasema kuhesabu ni amri ya Torati hata leo, na wengine wengi wanasema ni ukumbusho tu wa yale ya Hekaluni. Mimi si wa kuamua kati yao. Ninachokiona ni kwamba sikukuu nyingine zinakupa kitu cha kushika: mkate usiochachwa, tawi la mtende, mshumaa. Omeri haikupi chochote. Unasimama, unasoma baraka, unataja namba, unakaa. Nusu dakika imekwisha.

Lakini nusu dakika hiyo ina masharti. Inahesabiwa usiku, nyota zikishatoka, kwa sababu siku ya Kiyahudi huanza jioni. Hapa Mswahili hahitaji kufundishwa. Kwa wazee wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, na saa yetu yenyewe inaanza kuhesabu moja giza likiingia. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, kwa hiyo saa moja hainidanganyi. Afadhali hivyo, maana majuma haya saba yanaangukia kwenye masika na kuna wiki nzima sijaona nyota hata moja. Rafiki zangu wa Yerusalemu jua linazidi kuchelewa kila wiki, na wao wako kwenye kiangazi na mavuno wakati sisi mahindi ndiyo kwanza yanafika magotini.

Zinatajwa siku, na majuma pia. Husemi "leo ishirini na tatu" ukaondoka. Unasema leo ni siku ishirini na tatu, ambazo ni majuma matatu na siku mbili, za omeri. Na unahesabu kwa lugha unayoielewa. Nilipoanza, miaka mingi iliyopita, nilikariri Kiebrania kama kasuku, mpaka mwalimu wangu akaniuliza: "Ulichosema ni namba gani?" Nikababaika. Akanieleza kwamba wako wanaosema aliyehesabu kwa Kiebrania bila kuelewa hakuhesabu kitu, na aliyehesabu kwa Kiswahili akajua anachosema amehesabu sawasawa. Tangu siku hiyo nasema kwa lugha zote mbili. Cha Kiswahili ndicho kinachonikaa moyoni, sifichi.

Nimeitaja ishirini na tatu makusudi. Kwenye mlango wa friji yetu pana karatasi yenye visanduku arobaini na tisa, na kila mmoja nyumbani ana alama yake. Masinagogi ya zamani ya Wasefardi walikuwa na ubao wenye herufi tatu, H, S na D: homer, semanas na dias, yaani omeri, majuma na siku, kwa lugha walizotoka nazo Uhispania na Ureno. Sisi tuna karatasi na penseli. Alama yangu haimo kwenye kisanduku cha 23. Jioni ile umeme ulikatika, nikajinyoosha kwenye kochi kusubiri urudi, nikashtuka kumekucha. Hata hapo nilikuwa sijapotea: aliyesahau usiku anahesabu mchana bila baraka, na jioni anaendelea na baraka zake kama kawaida. Mimi nilikumbuka nikiwa kwenye matatu narudi nyumbani, foleni haisogei, taa za barabarani zimeshawaka. Siku ilikuwa imeshatoka.

Torati inasema majuma yawe kamili. Wanazuoni wa zamani wakajiuliza: siku zote arobaini na tisa ni amri moja, kama kamba moja ambayo ikikatika imekatika, au kila usiku una amri yake? Hawakukubaliana. Kilichobaki kwetu ni suluhu ya watu waungwana: aliyepoteza siku nzima aendelee kuhesabu kila usiku mpaka mwisho, ila baraka asisome tena yeye. Asikilize ya mwenzake, aitikie Amina, halafu ahesabu. Na aliye na shaka tu, hana hakika kama alisahau au la, huyo anaendelea na baraka zake. Mara ya kwanza nilipoambiwa hivyo niliona kama adhabu. Sasa nina wiki zaidi ya tatu za kuitikia Amina, na nawaambia ukweli, siku hizi nasikiliza yale maneno kuliko nilivyokuwa nikiyasikiliza nilipokuwa nayasoma mwenyewe.

Ya kinyozi nayo nisiyasahau, maana kinyozi wangu kashanikatia tamaa. Talmudi, kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasimulia kwamba wanafunzi 24,000 wa Rabi Akiva walikufa kati ya Pasaka na Shavuot kwa sababu hawakuheshimiana. Kwa hiyo ni siku za simanzi: harusi hazifungwi, nywele hazikatwi, kwa wengine mpaka siku ya thelathini na tatu, kwa wengine mpaka asubuhi ya thelathini na nne, na zipo desturi nyingine. Watu waliokufa kwa kutoheshimiana, nasi tunabishana ni tarehe gani ya kunyoa.

Basi heri ya Shavuot kwenu nyote. Kwa wale ambao visanduku vyao vyote vina alama, hongereni, na msituringie sana. Kwa wenzetu wa Nabugoye karibu na Mbale, Uganda, ambao babu zao walishika njia hii pamoja na Semei Kakungulu mwaka 1919, mvua iwe ya kiasi na usiku wa kusoma uwe mrefu. Kwa mlioko Yerusalemu mtakaoshika siku moja tu, sisi huku nje siku mbili, maana yake keki ya jibini, chakula cha sikukuu hii, mara mbili. Keshokutwa msiharakishe kuingia kwenye sikukuu. Subirini usiku uingie barabara, ili siku ya arobaini na tisa itimie yote bila kupunguka hata dakika.

Kijana wangu kamaliza masomo yake ya jioni. Ana miaka 14, na hajakosa usiku hata mmoja tangu Pasaka. Huyo anakuja, anafuta mikono kwenye suruali, anaangalia karatasi kwenye friji ingawa namba anaijua. Tumesimama. Anasoma baraka kwa haraka, haraka mno kwa maoni yangu, nami naitikia Amina.

Leo ni siku arobaini na nane, ambazo ni majuma sita na siku sita, za omeri.

Binamu, sasa unaweza kuuliza.