Barua kwa Mwanaisha, kuhusu ile safari ya meli

Donholm, Nairobi

Mwanaisha dada yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Ujumbe wako wa sauti niliupata, nikacheka peke yangu pale uliposema zile meli nyeupe zinazofunga gati Kilindini wakati wa kaskazi ni maghorofa ya watu wengine, na kwamba mtu wa kiti cha magurudumu akipanda mle atabaki chumbani kuhesabu mawimbi. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu simu zangu unazisikiliza huku unakaanga viazi na nusu ya maneno inapotea.

Kwa kifupi: nenda. Ndani ya meli hutasumbuka sana. Kazi iko kwenye kushuka.

Chumba cha kawaida melini ni kidogo, mlango mwembamba, na bafuni kuna kizingiti ambacho hata wazima wanajikwaa. Lakini meli kubwa za siku hizi zina vyumba vichache vilivyojengwa kwa ajili yetu. Mlango wake ni sentimita 80 na ushei, sakafu ni sawa hadi bafuni, kuna vyuma vya kushikilia na kigoda cha kukunjua ukutani chini ya bomba la mvua. Siku ya kwanza ya safari yangu ya Ugiriki nilijisukuma hadi ndani, nikafunga mlango, nikaoga mpaka vidole vikakunjamana. Huku kwangu unajua ninavyoingia bafuni: nashuka kitini mlangoni, najiburuta, na ndoo nimewekewa na mtu. Kaka yangu Mutua alibisha akidhani nimeanguka. Nikamwambia aniache.

Vyumba hivyo huisha mapema, kwa hiyo uliza karibu mwaka mzima kabla. Na usikubali kuambiwa tu kwamba kipo. Kuna vyumba vya mtu anayetembea na mkongojo, vyenye vyuma viwili vitatu tu ukutani, na kuna vya mtu asiyeondoka kitini. Sisi tunataka hivyo vya pili.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kushinda kutwa nzima bila kubebwa. Hakuna makanga aliyeniingiza mikono kwapani, hakuna aliyeniambia kiti nacho kinalipa nauli. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinatupa haki ya kufika kila mahali na kupanda magari ya umma, lakini makanga wa hapa stejini hajakisoma. Melini kero yangu ilikuwa lifti. Wazima wakishashiba hawana habari na ngazi, wanajazana mle kwenda ghorofa moja juu, na wewe unasubiri huku wanakutabasamia.

Ila usidhani mabaharia watakuhudumia kama wauguzi. Watakusukuma kwenye daraja la kushukia, watakubebea sahani, lakini kukuogesha au kukuhamisha kutoka kitini hadi kitandani si kazi yao. Kampuni nyingi zinataka uweze kujihudumia au uje na mtu wako, na huyo mtu wako analipa yake. Mimi nilimchukua Mutua, na nusu ya akiba yangu ya sacco ikaenda naye.

Sasa kushuka. Meli ikifunga gati, unateremka kwa daraja lenye mteremko, na wewe uliyezaliwa ukijua bamvua na maji mafu huhitaji kuelezwa kwamba maji yakijaa daraja hilo linasimama kama ukuta. Huko Ugiriki maji hayapandi wala kushuka sana, kwa hiyo kisiwani Rhodes niliteremka vizuri tu. (Mji wake wa kale umetandikwa kokoto za baharini. Utaupenda kwa macho, magurudumu ya mbele yatakulaani.) Lakini kuna bandari ambazo meli kubwa haifiki ukingoni. Inatia nanga nje na abiria wanavushwa kwa mashua ndogo. Hapo meli inapanda, mashua inashuka, na mtu anatakiwa avuke hatua moja katikati. Asiyeweza kuivuka hatua hiyo mwenyewe, mara nyingi anaachwa. Kiti cha umeme kama chako ni kizito, karibu kampuni zote hazikipakii kwenye mashua. Hata cha kusukuma kama changu hutegemea mawimbi ya siku ile na uamuzi wa nahodha.

Kisiwa cha Santorini, hukohuko Ugiriki, ndivyo kulivyo. Nilizitazama zile nyumba nyeupe juu ya jabali, Mutua akashuka, mimi nikabaki. Meli ilikuwa tupu. Kuna kiti cha mtambo kinachokuteremsha kwenye bwawa la kuogelea, nikakitumia hadi nikachoka, hakuna mtoto wa kunirushia maji usoni. Nilifurahi, sikufichi. Lakini nauli niliyolipa ilikuwa ya mtu anayeshuka Santorini, na hilo liliniuma.

Kwa hiyo shika ratiba, na kila bandari uulize: gati au nanga? Yule wakala wa mjini niliyeanza naye alinijibu, "Hakuna shida madam, watakubeba." Nikaondoka. Aliyenifaa ni yule aliyeniuliza upana wa kiti na uzito wangu bila haya.

Na majibu uyapate kwa maandishi. Ukipandia meli kwenye bandari ya Umoja wa Ulaya, kama Piraeus ya Ugiriki, kuna kanuni yao namba 1177 ya 2010: hawaruhusiwi kukukataa wala kukutoza zaidi kwa sababu ya ulemavu, isipokuwa kwa sababu za usalama au umbo la meli yenyewe. Wakikukataa, una haki ya kudai sababu kwa maandishi. Wakikuvunjia kiti kwa uzembe wao, wanalipa. Wewe eleza mahitaji yako unapolipia nafasi, na msaada wa bandarini uwaombe angalau saa 48 kabla.

Kusadasi, upande wa Uturuki, tulifunga gati. Basi lenye mtambo wa kukupandisha na kiti chako lazima liagizwe mapema. Efeso, magofu ya mji wa kale ulio jirani, waambie wakuingize kwa lango la chini, maana kutoka la juu ni mteremko wa marumaru uliong'aa kwa miguu ya karne na karne. Nilifika hadi kwenye ule ukumbi wa michezo wa Matendo ya Mitume 19 katika Biblia, wenyeji walikopiga kelele kwa muda wa kama saa mbili dhidi ya watu wa Paulo. Ni mkubwa kuliko nilivyoufikiria shule ya Jumapili. Ila hapo Uturuki unatoka eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, na kurudi, kwa hiyo omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, usije ukakwama.

Jingine kuhusu kiti chako. Usiku kinalala chumbani, sio kwenye ujia, maana ndiyo njia ya kukimbilia. Moto ukitokea lifti zinazimwa na unateremshwa ngazi kwa kiti maalum, ndiyo maana walitaka kujua chumba changu kabla ya zoezi la usalama. Shirika la ndege litakalokupeleka kwenye meli nalo litauliza betri ni ya aina gani.

Basi nipimie kiti kutoka gurudumu hadi gurudumu, sio mahali pa kukalia. Kipime na urefu, ukiwa umeweka miguu. Halafu ipige picha ile karatasi iliyobandikwa kwenye betri, herufi zisomeke, unitumie kabla ya Ijumaa, nimpelekee yule wakala wangu. Mamako msalimie sana, na umwambie zile tende zilifika salama.

Wako,
Nduku