Mbunge wa jimbo hatoi viza

Kwa Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu kidato cha pili, wakati tulipokuwa tunachanga wanafunzi wanne kununua nakala moja na kupokezana kurasa. Miaka kumi na tisa niliyoishi hapa Brooklyn Park, Minnesota, nimeendelea kulisoma kwenye simu kila asubuhi nikitoka zamu ya usiku. Sijawahi kuwaandikia. Mmekosea majina ya miji, mmeweka picha ya theluji ya mahali pengine mkasema ni kwetu, na yote nimeyaacha yapite. Lakini ile habari yenu kuhusu Huldah Momanyi Hiltsley na kazi ya kikao cha bunge cha mwaka 2025, iliyobeba picha kubwa na kichwa kilichomwita mbunge wa Marekani, siwezi kuiacha ipite, kwa sababu imeilia familia yangu pesa.

Sina ugomvi na sifa mlizompa. Alichaguliwa Novemba 2024, na akawa mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuingia katika Bunge la Jimbo la Minnesota. Usiku ule wa kuhesabu kura nilikuwa kazini, nikiwageuza wazee vitandani kila baada ya saa mbili, na wenzangu Wakenya walikuwa wananiletea matokeo kwenye korido mmoja baada ya mwingine. Tulifurahi kwa haki.

Ninachobishia ni hayo maneno mawili: wa Marekani. Bunge la Marekani liko Washington. Lina wawakilishi 435 na maseneta 100, na ndilo linalotunga sheria za uhamiaji. Bunge la Jimbo la Minnesota liko St. Paul, mwendo wa kama nusu saa kwa gari kutoka kwangu. Lina wawakilishi 134 na maseneta 67, yaani Seneti yake ina viti sawasawa na Seneti yetu ya Nairobi, na pengine hapo ndipo waandishi wenu wanapochanganyikiwa. Hiltsley anawakilisha eneo bunge la 38A. Kila eneo bunge la namna hiyo lina watu elfu arobaini na kitu, basi. Mnamjua Ilhan Omar, mmemwandika mara nyingi. Yeye alichaguliwa kwanza katika bunge la jimbo mwaka 2016, kisha mwaka 2018 akachaguliwa kwenda Washington. Kama ingekuwa kazi moja, asingehitaji uchaguzi wa pili.

Sasa nieleze yaliyonifika. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na mitatu anayechuma chai kule nyumbani Nyamira, alinipigia simu Jumapili nikiwa nimelala. Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Mjomba, mambo yamekuwa sawa, bado barua tu ya mbunge wetu." Nikamuuliza mbunge gani. Akanijibu, "Si huyo wa Marekani, yuko hapo kwenu." Kumbe alikuwa ameshakwenda mjini kwa wakala mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la simu. Wakala huyo amelikata gazeti lenu, ukurasa ule wenye picha, amelitia ndani ya plastiki na kulibandika ukutani nyuma ya kiti chake. Huwaonyesha vijana na kuwaambia kwamba jamii yetu sasa ina mtu bungeni Marekani, kwamba barua yake moja inafungua mlango wa ubalozi, na kwamba yeye anajua njia ya kuipata barua hiyo. Bei yake ni shilingi 120,000, nusu unatanguliza. Kijana alikuwa ameuza mtamba wa mama yake, akaongeza akiba ya bonasi ya chai, akatanguliza 60,000 bila risiti. Dada yangu ni mjane. Mtamba ule ndio uliokuwa uzae Septemba. Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika simu, nikajaribu kumweleza kijana kwamba mbunge wa jimbo hana mlango wowote ndani ya ubalozi, kwamba hata mbunge wa Washington anachoweza ni kuuliza maombi ya mtu wa eneo lake yamekwama wapi, hawezi kuamuru yakubaliwe. Hakuniamini! Aliniambia, kwa heshima zote lakini aliniambia, "Mjomba, lakini imeandikwa kwenye gazeti." Mimi niliyemlipia karo ya kidato cha kwanza hadi cha nne nikawa mwongo, na karatasi ya ukutani ikawa kweli. Dada yangu naye akasema labda sitaki mtoto wake aje huku. Hayo ndiyo ambayo maneno mawili ya kichwa cha habari yalitufanyia, Mhariri, na sitaki kuambiwa kwamba ni jambo dogo la tafsiri.

Kama mngetaka kuwasaidia vijana hao mngeandika mistari minne tu. Viza ya mwanafunzi huanzia chuoni: chuo kikikukubali na ukaonyesha pesa za kujilipia, kinakupa fomu inayoitwa I-20. Unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kisha ada ya viza dola 185, kisha unakwenda kwenye mahojiano mwenyewe kwa miguu yako. Ada hizo hulipwa kwa njia rasmi, hazipiti mkononi mwa mtu yeyote aliye juu ya duka la simu.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba kazi ya bunge la jimbo ni kubwa yenyewe, haihitaji kupambwa kwa nguvu lisizokuwa nazo. Uchaguzi wa 2024 uliligawanya baraza la wawakilishi katikati, viti 67 kwa 67. Kisha mahakama ikabatilisha ushindi wa mmoja wa DFL, ndio Demokrati wa hapa, kwa sababu ya makazi yake, na kikao cha 2025 kilipoanza Januari wenzake wakakataa kuingia ukumbini kama wiki tatu ili akidi isitimie. Wakakubaliana Februari kugawana kamati. Bajeti ya miaka miwili, kama dola bilioni 66, haikuisha kwa wakati Mei, wakarudi kwa kikao maalum Juni 9. Katika kikao hicho walipitisha sheria ya kuwaondoa watu wazima wasio na karatasi za uhamiaji kwenye bima ya afya ya MinnesotaCare ifikapo mwisho wa mwaka 2025. Watoto wamebakizwa. Ninawajua watu ambao bila bima hiyo hawana cha kununulia dawa za kisukari. Wengine wanatoka kaunti zetu, na dada zao huko nyumbani wanasoma gazeti lenu. Katika habari yenu ya nusu ukurasa sheria hiyo haikupata hata sentensi moja.

Kura ile katika baraza la wawakilishi ilikuwa 68 kwa 65. Kutoka upande wa DFL aliyeipigia kura ya ndiyo alikuwa mmoja tu, Melissa Hortman, aliyewahi kuwa spika. Alifanya hivyo ili maafikiano ya bajeti yasivunjike na serikali isifungwe, kisha akazungumza na waandishi akilia. Siku tano baadaye, Juni 14, aliuawa yeye na mume wake nyumbani kwao hapa Brooklyn Park. Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi usiku huohuo, wakapona. Simu zetu zililia alfajiri na amri ya kutotoka nje, na mke wangu alinipigia kazini akilia, akiniambia nisirudi. Hiyo mliiandika, ndiyo, kwa sababu ni damu. Lakini mliandika tena "mbunge wa Marekani", na kaka yangu wa Nakuru alinipigia kuuliza kama Washington imeshambuliwa.

Na hapa niseme jingine ambalo nimelibeba miaka mingi. Sisi wa ughaibuni mnatuandika tukishinda au tukifa. Kati ya hayo mawili kuna maisha. Kuna wauguzi wasaidizi kama mimi, maelfu, na sheria inayotuhusu ni ya jimbo. Bunge hili la St. Paul ndilo lililoweka mwaka 2023 bodi ya kuamua viwango vya mishahara na kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Ndilo lililotunga sheria ya likizo ya ugonjwa iliyoanza Januari 2024, saa moja kwa kila saa thelathini unazofanya kazi. Ndilo lililoruhusu leseni ya kuendesha gari bila kuulizwa hali yako ya uhamiaji, kuanzia Oktoba 2023. Ndilo lililowapa watoto wote shuleni kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo. Mtu anayekuja huku anapaswa kuyajua haya kabla ya kupanda ndege.

Tena kuna jambo ambalo mngeweza kuwauliza wanasiasa wa huko kwetu mkitumia mfano huu. Wabunge wa jimbo hapa hutuma taarifa kwa barua pepe wakati wa kikao. Unasoma mswada namba fulani umefika kamati gani, kura ilikwendaje, lini kutakuwa na mkutano wa wakazi, na mradi wa reli ya Blue Line utakaofika Brooklyn Park umefikia wapi. Ukimwandikia, msaidizi wake anakujibu. Mimi nimemwandikia mwakilishi wadi wetu kule nyumbani mara tatu kuhusu daraja la miguu ambalo watoto huvuka kwenda shule. Sijapata jibu. Ninachopata katika kundi la WhatsApp la wadi ni picha yake akiwa matangani, na orodha za basari ambazo hakuna anayejua zilipangwaje. Kifungu cha 196 cha Katiba yetu ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Tuna wadi 1,450 nchini. Ningependa kujua ni wawakilishi wangapi wamewahi kumtumia mkazi mmoja karatasi moja inayosema wiki hii nimepiga kura hivi, kwa sababu hii. Simlinganishi mwakilishi wadi na mbunge wa hapa kwa mamlaka, kwa kuwa jimbo hutoza kodi ya mapato na kutunga sheria za jinai, na kaunti haifanyi hivyo. Namlinganisha kwa kuandika tu, na kuandika hakuhitaji mamlaka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa dhati. Kila mtakapomtaja mbunge wa jimbo lolote la Marekani, andikeni "mbunge wa Bunge la Jimbo la" mtaje na jimbo lenyewe, hata kama kichwa kitakuwa kirefu. Chini ya habari wekeni kisanduku cha mistari mitatu: ni bunge lipi, ni eneo bunge la namba gani, na kwa herufi nzito kwamba bunge hilo halina kazi yoyote ya viza. Kikao kikimalizika, tengeni robo ya ukurasa mweleze sheria zilizopita zinazowagusa Wakenya wa huku. Mkikosa mwandishi wa kumpigia mtu wa hapa, nipigieni mimi. Natoka zamu saa moja asubuhi, ambayo kwenu ni saa tisa alasiri, na huwa silali kabla ya saa kumi na moja ya huko.

Na sahihisho la habari hii mlichape ukurasa uleule wa kwanza wenye picha, kwa ukubwa uleule wa herufi, msilifiche karibu na matangazo ya vifo. Mtoto wa dada yangu ameniahidi kwamba likitoka atalinunua, alikate, alipeleke juu ya duka la simu na kudai 60,000 za mama yake.

Msomaji wenu,
Muuguzi msaidizi, Brooklyn Park, Minnesota